Alumini chakavu yaweza kurudi ikiwa imara zaidi, lakini kwa masharti

*Majivu ya pumba za mpunga na unga wa msasa vinaweza kuifanya alumini ya skrepa isilike upesi. Kwa karakana za Afrika Mashariki, hata hivyo, kazi huanzia kwenye lundo kabla ya kufika kwenye unga.*

Puli ya alumini inayofungwa kwenye mashine ya kusaga nafaka huharibika karibu kila mara mahali pale pale, yaani kwenye mfereji unaopitisha mkanda, kwa sababu vumbi na chembe za mchanga zinazonaswa kati ya mpira wa mkanda na kuta za mfereji huikwangua metali kutwa nzima, hadi mfereji unapanuka, mkanda unateleza, injini inanguruma bila kinu kuzunguka kwa kasi inayotakiwa, na mwenye mashine analazimika kutafuta puli nyingine.

Puli iliyokwisha haitupwi. Huuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa skrepa, huchanganywa na masufuria yaliyotoboka, vipande vya fremu za madirisha, injini za pikipiki na makopo ya soda, kisha huingia kwenye tanuri la msubuji na kutoka ikiwa puli mpya kwa sura lakini si kwa tabia, kwa kuwa kila mzunguko wa kuyeyusha bila kuchambua huongeza uchafu usioonekana kwa macho na kupunguza uimara wa kile kinachosubiwa.

Watafiti wa sayansi ya metali, hasa katika vyuo vya uhandisi vya India na Nigeria, wamekuwa wakitafuta namna ya kuugeuza mzunguko huo, ili alumini chakavu itoke tanurini ikiwa ngumu na sugu kuliko ilivyoingia. Njia wanayoitegemea ni kuichanganya na chembe za kauri au majivu ya mabaki ya mazao, na matokeo ya maabara yanaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Kinachobaki kujadiliwa ni kama linawezekana katika karakana ya kawaida, kwa kipuri gani, na kwa gharama ya nani.

Mgodi ulio juu ya ardhi

Alumini ilitenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1825 na mwanasayansi wa Denmark, Hans Christian Ørsted, ikabaki kuwa metali ya anasa hadi mwaka 1886, pale Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja akifanya kazi peke yake, walipogundua namna ya kuipata kwa kupitisha umeme katika oksidi yake iliyoyeyushwa. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, nayo hula umeme mwingi mno, kwani kilo moja ya alumini mpya huhitaji takriban uniti 13 hadi 15, ilhali kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huhitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati ya kuizalisha upya.

Kwa sababu hiyo alumini haiachwi kuoza jalalani, na makadirio ya wazalishaji wa metali hiyo duniani ni kwamba karibu robo tatu ya alumini yote iliyowahi kutengenezwa bado inatumika.

Tanzania, Kenya na Uganda hazina kiwanda cha kuzalisha alumini kutoka kwenye madini ya boksiti. Alumini inayozunguka humo iliingia kutoka nje ikiwa bamba, waya, injini au mche wa metali, na kwa hiyo lundo la skrepa ndilo mgodi pekee wa alumini ambao mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Kariobangi jijini Nairobi au wa Katwe jijini Kampala wanaweza kuuchimba wenyewe.

Uchimbaji huo hufanywa kwa vifaa vichache. Metali huyeyushwa katika chungu kilichokaa juu ya moto wa mkaa au wa mafuta machafu ya injini yanayopulizwa kwa feni. Kalibu hutengenezwa kwa kushindilia mchanga wenye udongo kidogo kuzunguka kielelezo cha mbao, au kuzunguka kipuri cha zamani chenyewe. Na joto, ambalo kwa alumini lapaswa kupita nyuzi 660 za Selsiasi bila kuzidi sana, hukisiwa kwa jicho na uzoefu. Uzoefu huo si wa kudharauliwa, kwa kuwa ndio uliozifanya mashine nyingi za vijijini ziendelee kuzunguka miaka mingi baada ya watengenezaji wake kuacha kuleta vipuri.

Udongo na fito

Kompositi ni nyenzo inayoundwa na vitu viwili au zaidi ambavyo vinakaa pamoja bila kimoja kupotea ndani ya kingine, na hapo ndipo inapotofautiana na aloi, ambamo elementi moja huyeyuka ndani ya nyingine. Nyumba ya udongo na fito ya Pwani ni kompositi ya kale: udongo peke yake hupasuka, fito peke yake hazizuii upepo, lakini zikiunganishwa kila upande hubeba udhaifu wa mwenzake. Katika kompositi za alumini, metali mama ni alumini, na mahali pa fito huchukuliwa na chembe ndogo sana na ngumu, kwa kawaida zenye upana wa maikromita 20 hadi 50, ambapo maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Wazo hilo lilianza kufanyiwa kazi kwa dhati katika miaka ya 1960. Mhandisi mzaliwa wa India, Pradeep Rohatgi, ambaye baadaye alikuja kufundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Milwaukee, alihusika katika majaribio ya mwanzo ya kuingiza chembe za grafiti ndani ya alumini iliyoyeyuka, na mwishoni mwa muongo huo, katika Taasisi ya Teknolojia ya India iliyoko Kanpur, zilichanganywa chembe za oksidi ya alumini kwa njia rahisi ya kuikoroga metali ikiwa majimaji. Mwaka 1983 kampuni ya Toyota ya Japani ilianza kutumia pistoni za injini za dizeli zilizoimarishwa kwa nyuzi fupi za kauri, na kutoka hapo jambo hilo likatoka maabara na kuingia barabarani.

Njia ya kukoroga ndiyo inayovutia karakana ndogo, kwa sababu haihitaji mashine ya kukandamiza wala chumba kisicho na hewa. Alumini huyeyushwa, uchafu wa juu huenguliwa, mwiko wa chuma uliopakwa kinga ya kauri huzungushwa kwa mota hadi metali inafanya kizingia katikati ya chungu, na unga uliopashwa moto humiminwa kidogo kidogo ndani ya kizingia hicho kabla ya mchanganyiko kumwagwa kwenye kalibu.

Maelezo hayo yanasomeka kwa wepesi kuliko kazi yenyewe ilivyo, kwa kuwa alumini iliyoyeyuka hailowanishi kauri. Metali hujikunja na kuziacha chembe zikiwa kavu, zikielea juu pamoja na takataka nyingine, na kizuizi kikubwa ni ngozi nyembamba ya oksidi inayojifanya juu ya alumini mara tu inapokutana na hewa, ngozi ambayo yenyewe haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,000. Dawa mbili zimezoeleka: kuupasha unga moto kwa muda wa kutosha ili unyevu na gesi vitoke, na kuongeza magnesi kidogo, kwa kawaida asilimia moja hivi ya uzito, ambayo huivunja ngozi ile na kuifanya metali ishike chembe.

Kupasha unga moto si suala la ubora tu. Unyevu ukizama ndani ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha metali nje ya chungu, na fundi aliyesimama kando yake hana muda wa kukwepa.

Pistoni, msasa na pumba

Chembe inayotumika zaidi ni kabaidi ya silikoni, ambayo wasomaji wengi wameigusa bila kuijua jina, kwani ndiyo ile punje nyeusi inayong'aa kwenye baadhi ya karatasi za msasa na mawe ya kusagia. Ni ngumu mno, ni kakamavu, na huhimili joto. Ina kasoro moja ya kikemia: ikikaa ndani ya alumini safi iliyoyeyuka, hushambuliwa na kuzaa kabaidi ya alumini, kitu chepesi kuvunjika ambacho baadaye hukutana na maji au unyevu wa hewa na kuoza, na kipuri kikaharibikia ndani kabla ya dalili kuonekana nje.

Hapa ndipo lundo la skrepa linapotoa zawadi isiyotarajiwa. Pistoni za injini hutengenezwa kwa alumini yenye silikoni nyingi, kwa kawaida karibu asilimia 12, ili zisitanuke sana zikipata moto, na kiwango hicho cha silikoni kinatosha kuizuia kabaidi ya silikoni isishambuliwe. Kwa maneno mengine, fundi anayetenga pistoni chakavu na kuziyeyusha peke yake tayari ana metali mama inayofaa kwa unga huo, metali ambayo kiwanda kingelazimika kuinunua kwa bei ya juu, na kuiona ikizamishwa katika chungu kimoja na makopo na fremu za madirisha ni hasara inayosikitisha.

> Fundi anayetenga pistoni chakavu na kuziyeyusha peke yake tayari ana metali mama inayofaa.

Chembe ya pili inatoka shambani. Pumba za mpunga ni takriban moja ya tano ya uzito wa mpunga wenyewe, na zikichomwa huacha majivu yenye takriban moja ya tano ya uzito wa pumba, majivu ambayo yakichomwa vizuri huwa na silika kwa asilimia 85 hadi 95. Silika ni muungano wa silikoni na oksijeni, ndicho kitu kinachotengeneza mchanga. Tani moja ya mpunga, basi, hutoa takriban kilo 40 za majivu, na ikiwa yatatumika kwa kiwango cha asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa mchanganyiko, yatatosha kati ya kilo 400 na kilo 800 za mchanganyiko.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa maeneo kama Mwea nchini Kenya, au Kyela na Kilombero nchini Tanzania, ambako mashine za kukoboa hujaza milima ya pumba, nyingine zikiishia kwenye tanuri za matofali na nyingine zikiteketezwa tu. Watafiti wa Nigeria wamejaribu pia majivu ya vifuu vya nazi, ya makapi ya miwa na ya maganda ya karanga, na ripoti zao kwa jumla zinakubaliana kwamba ugumu huongezeka na kipuri huwa chepesi kidogo, kwa sababu majivu hayo ni mepesi kuliko alumini yenyewe.

Wepesi huo una gharama yake chunguni. Kabaidi ya silikoni ni nzito kuliko alumini iliyoyeyuka na huzama, majivu ni mepesi na huelea, na kwa vyote viwili msubuji anayeacha kukoroga ili ajibu simu hupata chungu chenye matabaka, ambapo puli ya kwanza kumwagwa hutofautiana na ya mwisho.

Jinsi pumba zinavyochomwa ni jambo lingine lisilopaswa kupuuzwa. Zikichomwa kwa joto la wastani, chini ya nyuzi 700 hivi, silika yake hubaki bila umbo la fuwele. Zikichomwa kwa moto mkali na mrefu, silika hugeuka fuwele, na vumbi la fuwele za silika likivutwa miaka mingi huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la namna hiyo ipasavyo, kwa hiyo teknolojia inayosifiwa kwa kutumia taka ya shambani inaweza kumwachia kijana wa karakana ugonjwa wa maisha, ikiwa atapewa unga bila kupewa kinga.

Wenye mashaka nao wana hoja

Wapo wahandisi wasioshawishika, na hoja yao ya kwanza ni nzito. Uimara wa kuvutwa hupimwa kwa megapaskali, ambapo megapaskali moja ni sawa na uzito wa takriban kilo 10 juu ya kila sentimita ya mraba. Aloi inayojulikana kwa namba 6061, inayotumika katika fremu na vipuri vingi, ina uimara wa takriban megapaskali 125 ikiwa laini, lakini ikipashwa moto, ikazamishwa ghafla majini na kisha kupashwa tena kwa joto dogo kwa saa kadhaa, hufika takriban megapaskali 310. Hakuna unga wowote ulioongezwa. Moto na maji peke yake, vikitumiwa kwa kipimo, vimezidisha uimara zaidi ya mara mbili, na wahandisi hao wanauliza kwa nini fundi ahangaike na majivu kabla ya kufundishwa jambo hilo.

Jibu la haki ni kwamba vitu hivyo viwili havishindani. Matibabu ya moto huongeza uimara, lakini hayagusi ukakamavu, yaani ukinzani wa metali dhidi ya kupinda, ambao kwa alumini na aloi zake nyingi hubaki karibu gigapaskali 70 (gigapaskali moja ni megapaskali 1,000), takriban theluthi ya ule wa chuma. Chembe za kabaidi ya silikoni zikifika asilimia 20 ya ujazo huupandisha ukakamavu huo hadi karibu gigapaskali 100, na hupunguza sana kulika kwa msuguano. Puli ya mashine ya kusaga haifi kwa kuvunjika, hufa kwa kulika, nayo ndiyo aina ya kipuri ambacho unga unaweza kukisaidia. Vivyo hivyo rungu la pampu linalosukuma maji yenye mchanga, au bushi inayozunguka bila grisi ya kutosha.

Hoja ya pili inahusu wepesi wa kuvunjika. Kadiri chembe zinavyoongezeka, ndivyo kompositi inavyopoteza unyumbufu, yaani uwezo wa kukunjika kabla ya kukatika, na chembe zikijikusanya mahali pamoja huwa chanzo cha ufa. Kipuri kinachobeba maisha, kwa mfano mkono wa usukani au kitovu cha gurudumu la bodaboda, hakipaswi kuwa uwanja wa majaribio.

Ya tatu ni ya mkerezaji. Zile chembe zinazoizuia puli isilike ndizo zinazokula kisu cha mashine ya kukereza, hivyo kisu cha kawaida cha chuma huisha makali baada ya kazi ndogo na hulazimu kununua chenye ncha ya kabaidi au hata almasi. Karakana isiyoweka gharama hiyo kwenye bei itapata hasara kwa kila puli nzuri inayoiuza.

Lundo ndilo linaloamua

Kuna jambo ambalo pande zote mbili zinakubaliana, ingawa halitajwi mara nyingi katika mijadala yao: chembe ngumu haziwezi kuokoa metali chafu. Adui mkubwa ni chuma. Boliti moja iliyosahaulika ndani ya kichwa cha silinda, au chungu cha chuma kinachoyeyuka kidogo kidogo kila kinapotumika, huingiza chuma ndani ya alumini, na chuma hicho hakitoki kwa njia yoyote iliyo rahisi. Metali inapopoa, chuma huungana na alumini na silikoni na kufanya mabamba membamba yenye ncha, yaliyotapakaa ndani kama nyufa zilizokwisha kuanza, na unga utakaoongezwa juu yake utaongeza udhaifu juu ya udhaifu.

Wa pili ni haidrojeni, gesi inayotoka kwenye mafuta, rangi na unyevu wa skrepa. Alumini ikiwa majimaji humeza haidrojeni nyingi kuliko ikiwa imeganda, hivyo wakati wa kuganda gesi hutoka na kuacha vitundu ambavyo fundi huviona pale tu anapoanza kukereza. Viwanda huiondoa kwa kupitisha agoni au naitrojeni ndani ya metali. Katika karakana hutumika vidonge vyenye klorini, ambavyo moshi wake ni sumu na havifai kutumika mahali pasipo na hewa ya kutosha.

Uchambuzi mzuri hauhitaji mtaji mkubwa. Sumaku huondoa boliti na bushi za chuma. Uzito mkononi hutenga zinki, kwani kuna kabureta na vitasa vya zinki vinavyofanana kabisa na alumini kwa rangi lakini vina uzito zaidi ya mara mbili kwa ukubwa ule ule. Tone la magadi makali yaliyoyeyushwa majini, likidondoshwa kwenye sehemu iliyokwanguliwa, hueleza mengi: aloi yenye shaba au zinki huacha doa jeusi, yenye silikoni nyingi huacha doa la kijivu, na alumini safi au yenye magnesi hubaki nyeupe. Magadi hayo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani ni sehemu ya kipimo chenyewe.

> Chembe ngumu haziwezi kuokoa metali chafu.

Makopo ya soda na bia yana darasa lake. Mwili wa kopo ni aloi yenye manganizi, ilhali kifuniko chake kina magnesi karibu asilimia 4 hadi 5, ile ile magnesi inayohitajika ili alumini ishike unga. Lakini kopo ni jembamba mno, na likitupwa kwenye moto wazi sehemu kubwa yake hugeuka oksidi na magnesi huungua kabla ya kufaa kitu. Makopo yakishindiliwa kuwa matofali na kuzamishwa chini ya metali iliyokwisha kuyeyuka, hasara hiyo hupungua sana.

Sufuria zisiguswe

Sehemu kubwa ya alumini inayosubiwa mitaani huishia jikoni, na hapo suala la lundo hugeuka kuwa suala la afya ya watoto. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland nchini Marekani walichapisha matokeo ya vipimo vya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, wakaona kwamba takriban theluthi moja vingeweza kuingiza risasi kwenye chakula kwa kiwango cha hatari. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, ambao ubongo wao bado unakua.

Risasi hiyo haimo katika alumini kwa asili. Huingia kupitia vipande vya kielektroniki vyenye lehemu, rejeta zilizozibwa kwa lehemu, aloi zilizotiwa risasi makusudi ili zikerezwe kwa urahisi, na vile vizito vidogo vinavyobanwa kwenye rimu za magari ili kusawazisha gurudumu, ambavyo kwa miaka mingi vilitengenezwa kwa risasi. Rimu ni alumini bora kabisa, lakini ikiyeyushwa na kizito chake hubeba sumu hadi kwenye uji.

Kutokana na hali hiyo, wazo la kuimarisha masufuria kwa unga wa aina yoyote halina utetezi. Sufuria haihitaji ukakamavu wa ziada. Inahitaji metali ambayo chanzo chake kinajulikana. Kompositi ikianza kuuzwa sokoni pasipo mipaka, chembe zake na aloi zake zitafika jikoni kwa njia ile ile iliyoifikisha risasi, na hilo ndilo jambo ambalo wanaoitangaza teknolojia hii wanapaswa kulisema wazi kabla ya kuombwa.

Giza la Januari 2022

Uchambuzi wa skrepa una upande wa kisheria pia. Tarehe 11 Januari 2022 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani baada ya minara ya laini kuu ya umeme kutoka Kiambere hadi Embakasi kuanguka, na serikali, ikieleza kwamba miundombinu ilikuwa ikihujumiwa, ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu mwezi huo huo, kabla ya kuiruhusu tena miezi michache baadaye chini ya masharti ya leseni. Nchi hiyo ilikuwa tayari na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, iliyokusudiwa kuwatambua wanunuzi na chanzo cha bidhaa zao.

Waya za umeme za juu zina mvuto wa pekee kwa anayeyeyusha alumini, kwa kuwa nyuzi zake hutengenezwa kwa alumini iliyo karibu safi kabisa, na metali safi ndiyo inayotumika kupunguza uchafu wa chungu kizima. Marufuku ya jumla, hata hivyo, ilimwadhibu msubuji mwaminifu pamoja na mwizi. Karakana inayoandika ilinunua nini, kutoka kwa nani na ikakitenga wapi, inafanya kwa wakati mmoja kazi ambayo mhandisi anaitaka kwa ajili ya ubora na polisi anaitaka kwa ajili ya ulinzi, na serikali ingepata zaidi kwa kuitunza karakana ya namna hiyo kuliko kwa kuifunga.

Msaada wenyewe unajulikana. Spektromita, kifaa kinachochoma nukta ndogo ya metali na kusoma mwanga wake, hutoa mchanganuo wa aloi kwa muda usiozidi dakika chache, lakini bei yake haiwezi kubebwa na fundi mmoja. Taasisi za serikali za kuendeleza viwanda kama SIDO na TIRDO nchini Tanzania, au KIRDI nchini Kenya, zilianzishwa ili kuziba pengo la aina hiyo kati ya maabara na karakana, na dirisha ambapo msubuji hufika na kipande cha ukubwa wa kidole, akalipa ada ndogo na kuondoka na karatasi ya majibu, lingeleta faida ya haraka kuliko semina nyingi za ujasiriamali.

Kipuri kikifika mwisho wake

Limebaki swali linaloukera utafiti wote huu, nalo ni nini kitatokea puli ya kompositi itakapochakaa. Alumini ya kawaida huyeyushwa tena na tena, lakini kompositi ikirudishwa kwenye chungu cha kawaida huachia chembe ngumu zinazoifanya metali iwe nzito kumwagika, zinazotoboa kuta nyembamba na zinazoharibu visu vya mkerezaji asiyejua anachokereza. Chembe hizo zinaweza kutenganishwa kwa kuyeyusha kompositi pamoja na chumvi maalumu, ambayo huzifanya zijitenge na metali, ila kazi hiyo huacha takataka yenye chumvi inayohitaji mahali salama pa kutupwa. Kuichanganya hovyo na skrepa nyingine ni kuuchafua ule mgodi ambao eneo hili linautegemea.

Njia iliyo nafuu zaidi ni kutoiruhusu ichanganyike. Kompositi hukubali kuyeyushwa tena ili kutengeneza kompositi nyingine, mradi isiunguzwe kwa joto kali na ikorogwe upya, hivyo msubuji anayeuza puli za aina hiyo anaweza kuzinunua tena kutoka kwa wateja wake zinapokwisha na kuziweka kwenye pipa lake pekee. Kinachohitajika ni alama. Herufi moja ikichongwa kwenye kielelezo cha mbao itajichapa kwenye mchanga na kutokea kwenye kila puli itakayosubiwa, mahali penye kitovu ambapo mkanda haugusi na alama haifutiki, na mnunuzi wa skrepa atakayeiona ataipima kando na kuilipia bei yake.